Mpango wa maafa wa wilaya uanzie kwenye kibali cha ujenzi

Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, lilifuata makorongo ambayo wakazi wa mji wa Katesh, mkoani Manyara, Tanzania, wameishi nayo miaka yote. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Kwa maelezo yaliyotolewa na Serikali siku chache baadaye, sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji mpaka ikazidiwa, ikameguka. Kilichomeguka kikawa tope zito, likazoa mawe na magogo, likaingia kwenye makazi, likafukia sehemu ya soko la Katesh na kuifunga barabara kuu ya Babati kwenda Singida. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha.

Yaliyofuata yalikuwa ya kuheshimika. Askari waliingia kwenye tope kwa majembe na mitambo, michango ikatoka kila pembe ya nchi, na Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akafika Katesh tarehe 7 Desemba. Baadaye zikajengwa nyumba mpya katika kijiji cha Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi yao. Nchi hii inajua kuzika, inajua kuchangia, na inajua kujenga upya.

Ninachotaka kukizungumzia kinatangulia hayo yote, nacho ni mpango wa usimamizi wa maafa wa wilaya, ile nyaraka inayopaswa kuwapo ofisini kabla ya mvua. Kila baada ya tukio kubwa tunasikia agizo kwamba mipango hiyo ihuishwe. Agizo ni sahihi. Tatizo ni namna tunavyolitekeleza. Mpango hauwi mpya kwa kubadilishiwa mwaka kwenye jalada, wala kwa kuongezewa aya kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kwangu mimi mpango umehuishwa siku ofisa ardhi anapokataa kutoa kibali cha kujenga kwa sababu ya ramani iliyomo ndani yake. Kabla ya siku hiyo, tumechapa upya tu.

Kwa upande wa sheria tumejipanga kuliko watu wengi wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata, kijiji na mtaa. Mkuu wa Wilaya ndiye anayeongoza kamati ya wilaya. Ofisi ya Waziri Mkuu ina Idara ya Menejimenti ya Maafa na kituo cha operesheni na mawasiliano ya dharura pale Dodoma. Kimataifa nako tumo: Mwongozo wa Sendai, makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza hatari za maafa yaliyopitishwa Japani Machi 2015, uliweka kati ya shabaha zake kwamba ifikapo 2020 idadi ya nchi zenye mikakati ya kupunguza hatari za maafa, ya kitaifa na ya serikali za mitaa, iwe imeongezeka kwa kiasi kikubwa. Hatukosi kamati, na hatukosi nyaraka.

Niliwahi kupewa nisome mpango wa halmashauri moja ambayo sitaitaja. Jedwali lake kuu lilikuwa na safu nne: janga, eneo, hatua na mhusika. Kwenye mstari wa mafuriko, safu ya eneo iliandikwa "maeneo ya mabondeni". Safu ya hatua: "kutoa elimu kwa jamii". Safu ya mhusika: "wadau wote". Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba za simu za wajumbe wa kamati, na ofisa aliyenipa nakala alichukua kalamu, akaanza kukata majina ya waliokwisha kuhamishwa vituo vya kazi. Alifanya hivyo bila kuona aibu, na sikuona sababu ya yeye kuona aibu, maana si yeye aliyeuandika. Lakini nilijiuliza: mtendaji wa kata akikabidhiwa jedwali hili, atamwambia nani asijenge wapi? Bonde gani? Upande upi wa mto? Kuanzia mti gani hadi nyumba ya nani? "Wadau wote" wakipewa kazi, hakuna atakayeulizwa kwa nini haikufanyika.

Mipango ya namna hii haitokani na uvivu. Inatokana na mazoea ya kulitazama janga kuanzia saa linapotokea. Ndiyo maana kurasa nyingi huzungumzia mablanketi, mahindi, mahema, majembe, magari na nani ataripoti kwa nani. Vyote vinahitajika, na mtu aliyewahi kulala darasani na watoto wake baada ya nyumba kusombwa anajua thamani ya blanketi. Hata hivyo blanketi halipunguzi hatari. Hatari hupunguzwa kwenye maamuzi madogo yanayofanywa miezi ambayo jua linawaka: kiwanja kipimwe wapi, shule ijengwe wapi, kalavati liwe na upana gani.

Na hatari yenyewe haitulii mahali pamoja. Hili ndilo linalofanya uhuishaji uwe kazi ya lazima, maana mpango ulioandikwa vizuri miaka kumi iliyopita unaweza kuwa wa kupotosha leo. Tazama kilichotokea kwa jirani zetu wa Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ya huko ikaeleza kwamba njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ya zamani ilikuwa imezibwa na udongo, mawe na miti, maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama ziwa, kisha tuta likaachia. Makumi ya watu walikufa. Tuta lile la reli halikujengwa liwe bwawa. Liligeuka bwawa kwa sababu tundu lililokuwa chini yake liliziba. Najiuliza ni matuta mangapi ya barabara na reli nchini mwetu yenye kalavati lililojaa mchanga, na ni mipango mingapi ya wilaya inayoyataja kwa majina ya mahali yalipo.

Mto Rufiji ni mfano mwingine. Wazee wa Rufiji na Kibiti wanayajua mafuriko kwa miaka na majina, na kilimo chao kimejengwa juu ya kupanda na kushuka kwa mto. Sasa juu ya mto huo kuna Bwawa la Julius Nyerere. Mwaka 2024 maji yalipofunika mashamba na makazi huko chini, mjadala mkali ulizuka kuhusu mchango wa maji yaliyofunguliwa bwawani, Serikali ikieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Sitaki kuurudia mjadala huo. Nasema tu kwamba mpango wa maafa unaoueleza Mto Rufiji kama ulivyokuwa kabla ya bwawa unaeleza mto mwingine. Wilaya za chini ya bwawa zinahitaji ukurasa unaosema maji yatafunguliwa kwa utaratibu gani, nani atapiga simu kwa nani, na maji yatachukua muda gani kufika kila kijiji.

Kuna pia majanga tunayoyahesabu kuwa si ya kwetu. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia tarehe 4 Mei 2024, wengi walishangaa kwamba vimbunga vinafika pwani yetu, ilhali Zanzibar ilipigwa na kimbunga kikali mwaka 1872 na Lindi ikapigwa Aprili 1952. Wakazi wa Bukoba hawakuwa wakizungumzia tetemeko la ardhi kila siku kabla ya tarehe 10 Septemba 2016, lilipokuja la ukubwa wa 5.9 na kuangusha nyumba na madarasa. Mpango unaotegemea kumbukumbu za miaka mitano ya mvua zilizopita hauwezi kuyaona haya. Mlima hauna haraka. Unaweza kukaa vizazi viwili bila kumeguka, watu wakaamini kuwa haumeguki.

Ndiyo maana nadhani kazi ya kwanza ya kuhuisha mpango ni kutoka ofisini na kuitembea ardhi. Kwa wilaya iliyo chini ya mlima, kazi hiyo ina mambo yake mahususi, na hapa nitakaa kidogo.

Mafuriko ya kawaida ya mto tambarare hupanda, mtu akaona maji mlangoni, akabeba godoro. Tope la mlimani hushuka kwa kasi, na uzito wake unatosha kubeba jiwe la ukubwa wa gari. Likiwa juu hufuata korongo. Likifika chini, pale mteremko unapopungua, hupunguza mwendo, huliacha korongo na kutawanyika kushoto na kulia, likimwaga lilichobeba. Mahali linapotawanyikia ndipo penye udongo mzuri, mwinamo wa wastani na maji ya karibu. Watu hupapenda, na wana haki ya kupapenda. Mji unapokua kando ya barabara ya lami chini ya mlima, nyumba mpya zinaelekea huko huko. Jiwe kubwa lililokaa peke yake katikati ya shamba, mbali na mwamba wowote, mara nyingi ni alama ya tope la kale, na mtaalamu wa jiolojia akiliona atauliza kilichoko juu yake. Mpimaji wa viwanja naye afundishwe kuuliza swali hilo hilo.

Wataalamu tunao. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ipo Dodoma, na watu wake walifika Hanang baada ya tukio. Hoja yangu ni wafike kabla, na ripoti yao isiishie wizarani. Itafsiriwe iwe mstari kwenye ramani ya kijiji. Mlima Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna askari wa misitu wanaopanda mara kwa mara. Hao wakifundishwa alama za kutazama, wilaya inapata macho juu ya mlima bila kuajiri mtu mpya.

Alama zenyewe si za siri. Nyufa mpya kwenye mteremko. Miti iliyokuwa wima ikaanza kuinama upande mmoja. Chemchemi inayotokea mahali ambapo hapakuwa na maji, au ile ya siku zote inayoanza kutoa maji ya rangi ya udongo. Mlango wa nyumba unaogoma kufunga kwa sababu ukuta umecheza. Na ile ya hatari kuliko zote: mvua inanyesha kwa nguvu, lakini maji ya korongo yanapungua ghafla. Mtu asiyejua atashukuru. Anayejua ataelewa kwamba huko juu kuna kitu kimeziba njia, na kikiachia kitashuka chote kwa pamoja. Atawatoa watoto ndani hapo hapo. Wanaoziona alama hizi kwanza ni kina mama wanaochota maji, wachungaji na wakata majani ya mifugo. Siku mpango wa kijiji unapoandikwa, hao ndio wakae mbele, na kwa maeneo kama Hanang mazungumzo yafanyike pia kwa Kiiraqw na Kidatoga, maana kuna maarifa ambayo mtu hayamwagi vizuri kwa lugha ya ofisi.

Dar es Salaam imeonyesha kwamba hili linawezekana hata mjini. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi wa kata zinazofurika kuchora mitaro, nyumba na njia za maji mtaa kwa mtaa, na ramani zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Ukiwa na ramani ya namna hiyo, neno "mabondeni" halikutoshi tena. Unaweza kuhesabu nyumba, ukajua zahanati iko upande gani wa mto, ukaona njia ya kukimbilia inavyopita juu ya daraja lile lile litakalofunikwa na maji.

Tahadhari nayo iingizwe kwenye mpango kwa undani huo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa viwango vyake vya angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na kwa mvua za El Niño za 2023 taarifa zilitolewa mapema. Lakini taarifa ya mamlaka inazungumza kwa mkoa. Mkoa wa Manyara ni mkubwa, na korongo ni jembamba. Kati ya taarifa ya mkoa na mtu aliyelala kando ya korongo kuna pengo, na pengo hilo ndilo kazi ya mpango wa wilaya. Kipimo cha mvua cha kawaida kinaweza kuwekwa shuleni kila kijiji, mwalimu akakisoma asubuhi na jioni, kukiwa na kiwango kilichokubaliwa mapema ambacho kikifikiwa watu wa vitongoji fulani wanahama kulala kwingine usiku huo, mvua iendelee au isiendelee. Tope la Katesh lilikuja alfajiri. Nani atagonga milango saa kumi usiku? Kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa, vijana wa bodaboda wenye namba za viongozi wa vitongoji: haya yaandikwe kwa majina, yajaribiwe wakati wa kiangazi, na anayehama kijiji jina lake libadilishwe wiki hiyo hiyo.

Nirudi kwenye ardhi, maana huko ndiko mipango yetu inakoogopa kwenda. Mpango wa maafa uko kabati moja, mpango wa matumizi bora ya ardhi uko kabati jingine, na anayetoa kibali cha ujenzi hana hata kimoja mezani. Sheria hazikosekani hapa pia. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinaitambua ardhi hatarishi, ikiwamo miteremko mikali na kingo za mito, na zinaweka utaratibu wa kuitangaza hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari zikiwa zinaweza kuharibu mazingira ya maeneo hayo. Serikali ya kijiji nayo ina uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982.

Tatizo la mita 60 ni kwamba zinapendwa kwa sababu ni rahisi kupima kwa futi kamba. Chini ya mlima hazitoshi. Tope likishaacha korongo linaweza kutawanyika mamia ya mita, na mwenye nyumba iliyo mita 80 kutoka ukingoni, mwenye kibali halali mkononi, akafukiwa kama asiye na kibali. Kwingine, ukingo ukiwa mrefu na wa mwamba, mita 60 zinamwondoa mtu asiye hatarini. Mstari sahihi hautoki kwenye kifungu, unatoka kwenye ramani ya eneo husika. Halmashauri ikishaichora, sheria ndogo iufuate mstari huo, na kibali kiufuate mstari huo.

Najua hoja inayokuja. Ukipaka eneo rangi nyekundu kwenye ramani, umeishusha thamani ya kiwanja cha mtu aliyekinunua kwa jasho lake, na diwani anayetaka kura hatakubali. Hoja hii ni ya kweli na haistahili kudharauliwa. Watu wengi hawakatai kuhama kwa ukaidi. Wanakataa kwa sababu wanachoahidiwa hakilingani na wanachokiacha. Baada ya mafuriko makubwa ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 familia za mabondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi na biashara zao za mjini, na wapo waliorudi bondeni. Uganda waliona hayo kwa ukali zaidi. Maporomoko ya Bududa, kwenye Mlima Elgon, tarehe 1 Machi 2010, yaliua mamia. Manusura wakahamishiwa Kiryandongo, mbali sana na mashamba yao ya mlimani, na baadhi yao wakarudi. Kule walikotoka kulikuwa na kahawa, migomba na makaburi ya wazazi.

Kwa hiyo mpango mzuri utenganishe mahali pa kulala na mahali pa kulima. Tope likishuka usiku halimkuti mtu shambani. Eneo lenye hatari linaweza kubaki mali ya mwenyewe, akalima mahindi na maharage, akalisha ng'ombe, akapanda miti, huku nyumba ya kulala ikihamia upande ulio salama ndani ya kijiji hicho hicho au kilicho jirani. Uwanja wa mpira unaweza kuwa hapo. Shule ya bweni isiwe hapo kabisa. Hii ni nafuu kuliko kuhamisha kijiji kizima, na inamheshimu mtu. Inahitaji kitu kimoja kutoka halmashauri: viwanja vya kulala vipimwe na kugawiwa mapema, kabla ya msiba, wakati watu bado wanaweza kuchagua. Waliokwisha kujenga kwa kibali cha Serikali wanastahili fidia, na fidia hiyo iwe kwenye bajeti, isiwe ahadi ya jukwaani.

Fedha ndiyo kisingizio cha siku zote, na kwa kiasi fulani ni sababu ya kweli. Halmashauri nyingi zina mapato madogo. Lakini tumeona kwamba jambo likiwekwa kisheria linapata fedha. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2, na hakuna mkurugenzi anayesema hakujua. Fungu la kupunguza hatari za maafa lipewe ukali huo huo, hata kama ni asilimia moja, na lisitumike kununua chakula cha msaada, maana hicho kina njia zake. Litumike kuzibua makalavati pamoja na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kabla ya vuli, kununua vipimo vya mvua, kulipia wapimaji, kuweka mabango ya njia za kukimbilia.

Mvua za msimu wa 2023/2024 ziliua watu 155 nchini kwa takwimu ambazo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizitoa bungeni mwishoni mwa Aprili 2024, na watu zaidi ya 200,000 waliathirika. Nikiziweka takwimu hizo kando ya bei ya kipimo cha mvua na siku mbili za vibarua wa kuzibua kalavati, nashindwa kukubali kwamba tatizo letu la kwanza ni fedha.

Lipo suala la nani mwenye mpango. Mratibu wa maafa wa halmashauri mara nyingi ni ofisa mwenye kazi nyingine kamili, aliyeongezewa hii. Akihama, kumbukumbu inahama naye. Awepo mtu ambaye hii ndiyo kazi yake, na awe na haki ya kutia saini kwenye upimaji wa viwanja vipya na ujenzi wa umma ndani ya wilaya, shule na zahanati zikiwamo. Saini hiyo peke yake ingebadilisha mengi kuliko semina kumi.

Na uhuishaji usingoje muda wa mpango uishe. Tukio lolote, hata lisiloua mtu, liandikiwe ukurasa: maji yalifika wapi, saa ngapi, nani alijua kwanza, nini hakikufanya kazi. Barabara mpya ikijengwa, bwawa likikamilika au kitongoji kipya kikisajiliwa, ramani ifunguliwe. Wilaya nyingi hupoteza maarifa makubwa kwa sababu korongo lililojaa tope dogo mwaka juzi halikuripotiwa popote, kwa kuwa halikuua. Lile tope dogo lilikuwa limeshaonyesha njia.

Kalenda nayo inatusaidia. Halmashauri huandaa bajeti zake kati ya mwisho wa mwaka na miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai. Kwa mikoa yenye vuli, hizo ni wiki ambazo mvua zimetoka kunyesha, na kila mtu anakumbuka wapi gari lilikwama na wapi ukuta ulianguka. Kamati ya maafa ya wilaya ikae wakati huo, ripoti za vijiji ziwe zimefika, ramani irekebishwe, kisha iende kwenye baraza la madiwani pamoja na bajeti. Diwani aombe ibandikwe ukutani pale kikaoni. Aulize ni vibali vingapi vya ujenzi vimetolewa ndani ya eneo jekundu tangu kikao cha bajeti kilichopita. Kama kipo hata kimoja, mkurugenzi aeleze kilitolewa na nani na kwa sababu gani, na maelezo yake yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.